Kikundi cha ukoo: Asafu na ile picha ya gari

*Kaka (2:07 usiku):* Wapendwa, shikamooni wakubwa. Yule bosi wetu wa kupika hesabu leo kapandishwa cheo, na gari jipya juu. Mimi niliyekataa kusaini zile stakabadhi nimepelekwa stoo. Maandiko yanasemaje hapa? Ila naomba msinitumie "Mungu ni mwema" na ua.

*Shangazi:* Mungu ni mwema 🌹

*Kitinda:* 😂😂😂

*Shangazi:* Nilikuwa nimeshaandika kabla sijasoma!

*Mama:* Marahaba, na pole mwanangu. Fungua Zaburi ya 73. Asafu, mwenye zaburi hiyo, alikuwa mtu wa ibada, Daudi ndiye alimweka apige matoazi mbele ya sanduku la Mungu. Na bado anakiri kwamba miguu yake nusura iteleze alipoona wasio haki wanavyostarehe. Anafika mahali anasema amejisafisha moyo bure.

*Kaka:* Nimeisoma mama. Mwisho anasema wataangushwa. Lini? Huyu ana afya kuliko mimi.

*Baba Mdogo:* Ayubu aliuliza hivyo hivyo, sura ya 21. Marafiki wanamkaririsha kwamba mwovu hana siku nyingi, yeye anawaambia tazameni basi: waovu wanazeeka na nguvu zao, ng'ombe wao haharibu mimba, watoto wao wanarukaruka kwa furaha. Wakisema Mungu anawawekea watoto wa mwovu adhabu, anajibu amlipe mwovu mwenyewe, ndipo ajue! Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia nani? Wale marafiki.

*Kitinda:* Kumbe kuuliza si kukosa imani.

*Baba Mdogo:* Yeremia naye aliuliza, sura ya 12. Akajibiwa kwa swali: kama waendao kwa miguu wamekuchosha, utashindanaje na farasi?

*Kaka:* Hilo sasa si jibu.

*Baba Mdogo:* Sikusema ni tamu.

*Shangazi:* 🎤 Ujumbe wa sauti (4:51)

*Kitinda:* Shangazi, fanya uandike tu, niko kwenye basi.

*Shangazi:* Haya. Nasema hivi, magugu ya Mathayo 13 yanafanana na ngano mpaka masuke yatoke. Wale watumwa walitaka kuyang'oa siku hiyo hiyo, mwenye shamba akawazuia wasije wakang'oa na ngano. Anayeokolewa na ule ucheleweshaji ni ngano. Na mimi miaka ile nikiwa mkorofi, Mungu angekuwa na haraka hivyo leo msingekuwa na shangazi.

*Dada:* Sawa shangazi, lakini mimi hiyo subira inaniuma. Mhubiri 8:11 inasema wazi: hukumu ikichelewa, watu wanapata ujasiri wa kutenda mabaya. Lazaro alilala mlangoni na vidonda vyake mpaka akafa, tajiri yuko ndani anakula. Tusiwaambie walioumizwa kwamba kusubiri ni kazi rahisi.

*Baba Mdogo:* Kweli kabisa.

*Dada:* Na kusubiri si kunyamaza. Amosi aliwataja wenye mizani ya udanganyifu hadharani. Kaka, nakala za zile stakabadhi umezitunza?

*Kaka:* Zipo zote.

*Shemeji:* Asalam aleikum ndugu zangu. Kwetu kuna tajiri Qaruni, kwenye Qurani, Sura ya Al-Qasas. Funguo tu za hazina zake ziliwalemea watu wenye nguvu. Akatoka mbele za watu amejipamba, na waliotaka dunia wakasema laiti na sisi tungepewa kama yeye. Ardhi ilipommeza na nyumba yake, wale wale waliomtamani jana yake wakashukuru kwamba hawakuwa yeye. Mimi huwa nawafikiria hao kuliko Qaruni. Si hao ndio sisi?

*Kitinda:* Shemeji umenichoma bila kunitaja 😅

*Mama:* Shemeji kafungua mlango niliokuwa nautafuta. Asafu hasemi "niliwaonea uchungu waliodhulumiwa". Anasema aliwaonea wivu wenye kujivuna. Halafu soma anavyowaeleza: kiburi shingoni kama mkufu, macho yametokeza kwa unene. Mtu haoni hayo akipita tu. Aliwakodolea macho.

*Kaka:* Mama...

*Mama:* Nakuuliza kwa upendo. Hilo gari umelionaje?

*Kaka:* Alituma picha kwenye kikundi cha kazini.

*Mama:* Umeiangalia mara ngapi?

*Kaka:* Nimeikuza mpaka nikaona viti bado vina nailoni.

*Kitinda:* Uuuwi.

*Mama:* Basi wewe na Asafu mmekaa benchi moja. Na angalia mstari wa 17. Alipoingia patakatifu pa Mungu ndipo akautafakari mwisho wao. Zaburi haisemi kwamba siku hiyo kuna aliyeanguka. Walikuwa wanene vile vile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anamwambia Mungu duniani sitamani kingine ila Wewe. Hata anajiita mnyama kwa vile alivyokuwa anawaza.

*Kaka:* Kwa hiyo kosa ni langu?

*Mama:* Hapana. Wizi ni wake, na hizo nakala peleka panapohusika. Mimi nazungumzia viti.

*Dada:* 🙏🏾

*Shangazi:* 🎤 Ujumbe wa sauti (6:12)

*Kitinda:* Shangaziii

*Mama (4:40 usiku):* Ile picha bado unayo?

*Kaka (4:58 usiku):* Ninayo.