Utulivu wa wakimbiaji wa masafa marefu milimani unatoka wapi?

Mteremko wa Newala
Ndugu zangu, habari za jioni. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiteremka ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea bonde la Ruvuma, kisha kupanda tena, na mwili haunisumbui. Kinachonisumbua ni moyo: nikishakimbia saa tatu, naanza kuhesabu kilomita zilizobaki na kulichukia jua. Kilian Jornet, mkimbiaji wa milimani kutoka Hispania, aliyelelewa katika nyumba ya kupokelea wapanda milima, mwaka 2022 aliuzunguka mlima Mont Blanc wa Ulaya katika mbio za UTMB, njia ya takriban kilomita 170, kwa muda usiofika saa 20, na anasifika kwa maisha yasiyo na makuu. Je, nikipunguza mambo nyumbani, utulivu utakuja wenyewe?

Dada wa Mikindani
Kaka, kabla ya kuulaumu moyo, tazama unachokula njiani. Hasira inayokuja baada ya saa tatu mara nyingi ni njaa, kwa sababu sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini imekaribia kwisha. Mimi hufunga vipande vya muhogo wa kuchemsha, wenye chumvi, katika kitambaa safi, na hula kimoja kila nusu saa hata kama sijasikia njaa. Tena penye mwinuko mkali tembea bila kuona haya. Mabingwa nao hutembea.

Mzee wa Masasi
Kuhusu chakula dada amesema kweli, lakini swali la maisha limebaki, nalo linanigusa. Huku kwetu wengi tunaishi kwa vichache bila kuchagua, na mkulima anayesubiri malipo ya korosho hakosi mawazo usiku ati kwa kuwa nyumba yake haina vitu vingi. Kinachotuliza, nionavyo mimi, ni kupunguza unayoyadai. Courtney Dauwalter wa Marekani, aliyeshinda mbio tatu ndefu za milimani, Western States, Hardrock na UTMB, katika mwaka mmoja wa 2023, wakati huo alikuwa akijizoeza bila kocha, akiusikiliza mwili wake kila siku, na maumivu makali huyaona kama pango analoingia kufanya kazi. Mimi nikikimbia kandokando ya vilima vya mawe vya hapa Masasi sivai saa tena. Natazama mti ulio mbele, na nikiufikia nachagua mwingine.

Mteremko wa Newala
Shikamoo mzee, nawe dada, asante sana. Jumapili nilitoka na chupa ya maji tu, na sasa naelewa kwa nini nilirudi nikiwa mkali kwa watoto. Jumamosi nitabeba muhogo, na saa nitaiacha nyumbani. Mzee, masika njia ya bondeni ikiteleza, wewe huwa unafanyaje?