Kiwanja cha mteremko Olasiti: nibadilishe nini kwenye ramani kabla ya kuchimba msingi?

Mwenye_Kiwanja:
Wakuu, habari za humu. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, Olasiti, Arusha. Kinateremka kutoka upande wa Meru kwenda barabarani kusini, kama sentimita 10 kwa kila mita. Nyumba ni vyumba vitatu, mita 15 kwa 9, na ule upande wa 15 unashuka na mteremko. Masta (chumba kikuu chenye bafu lake) iko kona ya juu mashariki, choo cha wote katikati ya korido, jiko chini magharibi. Paa ni la kuficha, yaani bati limezungukwa na ukuta halionekani. Hela inaingia kwa awamu. Kipi kirekebishwe sasa kikiwa bado karatasi, na kipi kinaweza kusubiri?

Mchora_Ramani:
Kwanza geuza nyumba. Mita 15 zikishuka na mteremko, tofauti ya juu na chini ni mita 1.5. Ukiilaza upande mrefu uende mashariki–magharibi inabaki sentimita 90. Hesabu ya kifusi: eneo ni mita za mraba 135, wastani wa kujaza unashuka kutoka sentimita 75 hadi 45, yaani kutoka mita za ujazo 101 hadi 61. Hizo 40 ni lori nane za mita za ujazo tano, na bado hujahesabu mawe ya ukuta wa msingi wa upande wa chini. Kugeuza karatasi ni bure.

Pili, hicho choo cha katikati. Bomba lake la inchi 4 litapita chini ya jamvi (sakafu ya zege) hadi nje, na siku likiziba utavunja marumaru za korido. Masta ihamie magharibi, bafu lake na choo cha wote vigeuziane migongo kwenye ukuta wa huko, jiko lifuate ukuta huohuo. Hapo mfereji wa maji taka unakuwa mmoja, wote uko nje ya nyumba, na kila panapoingia bomba au panapopinda pana chemba, kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia. Maji ya jikoni yapitie kwanza kwenye chemba ndogo ya kunasa mafuta. Shimo la maji taka liwe chini kusini karibu na geti, gari la kunyonya lifike bila kukanyaga bustani.

Mlalo wa bomba, yaani mteremko wake, ni sentimita 2.5 kwa mita. Mafundi wengi wanakadiria kwa jicho. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, pigilia kipande cha sentimita 2.5 chini ya ncha inayoelekea shimoni, uulaze juu ya bomba na uweke pimamaji. Povu likikaa katikati, mlalo ni sahihi. Pima kabla ya kufukia, siyo baada.

Korido nayo ifupishe. Ya mita 8 kwa 1.2 inameza karibu mita za mraba 10, hicho ni chumba cha mtoto.

Fundi_Msingi:
Mkuu hapo juu kasema vizuri, ila kabla ya yote chimba shimo la kupima udongo, mita 1.5, kwenye kona mbili: ya juu na ya chini. Viwanja vya mteremko vinadanganya, juu unakuta udongo mwekundu mgumu na chini mweusi wa mfinyanzi. Lowesha udongo wa kiganja kimoja, usokote kama penseli, halafu ukunje pete. Pete isipokatika, huo ni mfinyanzi. Kiangazi unapasuka hadi kidole kinaingia, masika unavimba na kunyanyua nyumba. Msingi wa kina kifupi juu ya udongo huo ndio unaoleta nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha. Ukiukuta, chimba hadi uuvuke, na udongo uliotoka usiurudishe kujazia ndani. Ukiwa mnene kiasi kwamba huwezi kuuvuka, mwite mhandisi achore msingi wa aina nyingine.

Msingi wa mteremko uende kwa ngazi, kila ngazi chini yake iwe bapa kabisa. Zege likimwagwa kwa kufuata mteremko, ukuta una hamu ya kuteleza.

Kujaza: moramu (udongo wa changarawe), tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia, ndipo lije tabaka jingine. Kifusi kikimwagwa chote kwa siku moja, jamvi litabonyea upande wa chini ndani ya mwaka. Juu ya kifusi weka dawa ya mchwa, nailoni nzito, wavu wa chuma, halafu zege la sentimita 10. Kwa eneo lako ni mita za ujazo 13.5, na kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni kama mifuko 85 ya saruji. Limwagiliwe siku saba.

Lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) izunguke nyumba nzima, siyo juu ya milango na madirisha tu. Nondo nne za mm 12, ringi za mm 8 kila sentimita 20. Huku tuko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Julai 2007 la mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, lilisikika hadi Nairobi.

Dada_wa_Pasua:
Kwa huku kwetu Moshi ningekataza masta upande wa magharibi, jua la jioni la Januari linaoka ukuta na usiku hulali. Arusha ni juu zaidi, baridi ya Juni na Julai ndiyo shida yenu. Miezi hiyo jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo madirisha makubwa ya vyumba yaelekee huko au mashariki.

Hilo paa la kuficha lifute kabisa. Mfereji wa ndani ukizibwa na majani, maji yanarudi kwenye dari. Ukiling'ang'ania, toboa matundu ya kufurikia ukutani, chini ya usawa wa ncha za bati. Paa la miteremko miwili lenye upenu wa sentimita 60 linalinda kuta na linakuvunia maji. Bati la mita za mraba 160 na mvua ya milimita 20 ni lita 3,200. Toa zinazopotea, unabaki na kama 2,500. Maeneo ya Meru yana visima vyenye floraidi nyingi (madini yanayoharibu meno na mifupa), na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, kwa hiyo kitako chake kiwe cha zege.

Mwenye_Kiwanja:
Asanteni sana. Je, hela ikiishia kwenye boma, kuta zikiwa bila paa?

Fundi_Msingi:
Usiiache iishie hapo. Ukimaliza msingi kabla masika haijaanza, simama. Boma anza Juni, upaue kabla ya vuli. Gipsamu, marumaru, rangi na kabati za jikoni vinasubiri hata miaka mitatu na unaishi ndani. Visivyosubiri ni paipu za wayaringi kabla ya plasta, na paipu mbili tupu za inchi 1 chini ya jamvi, moja kwenda getini na nyingine kwenye tangi. Ziba midomo yake kwa mfuko, vinginevyo mafundi wa plasta watazijaza mchanga.