Naliwa na Ng5 (farasi kwenda mraba wa g5) kila Jumapili, nijibuje?

KeteNyeusi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na jirani yangu tunacheza chesi kibarazani kila Jumapili, sote wa kujifundisha wenyewe. Kaokota ufunguzi YouTube, wiki ya tatu hii ananichapa nao. Mchezo wa juzi, mimi nyeusi (N ni farasi, B askofu, Q malkia, K mfalme, bila herufi kubwa ni askari; x ni kula, + mfalme anashambuliwa):

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Nxd5 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ Kg8 8.Bxd5+ Qxd5 9.Qxd5+ Be6 10.Qxe6, mati, mfalme wangu hana pa kukimbilia.

Hatua kumi, chai haijapoa! Nilipomla farasi wake pale f7 nilijua kazi imeisha. Nilikosea wapi? Na msiniambie niache e5, nimeshaizoea.

BwanaNgome:
Kg8 ndiyo iliyokuzika. Ilibidi Ke6, mfalme atoke mwenyewe kumlinda farasi wa d5. Inatisha, najua, atapigwa pande zote, ila unabaki na farasi wa ziada. Kosa lenyewe lakini ni hatua ya 5. Usimle yule askari kwa farasi, cheza Na5 umsumbue askofu: 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6. Umepungukiwa askari mmoja, sawa, lakini askofu wake anakimbia tena, farasi wa g5 unamfukuza kwa h6, na vipande vyako vinatoka yeye akihangaika.

MamaSataranji:
Mchezo huo wa jirani Waitalia wanauita fegatello, Waingereza ini la kukaanga. Na kweli mdogo wangu umekaangwa 😂
Kama hutaki kukariri, hatua ya 3 weka Bc5 badala ya Nf6. Tazama ubao: malkia wako aliye d8 anaiona g5 moja kwa moja. Anayemziba ni farasi wako mwenyewe akikaa f6! Bila yeye, jirani akijitia Ng5, unamla bure.

Mtaa_wa_Pili:
Au hatua ya 4 cheza Bc5, muachie f7 umshambulie na wewe. Wanaiita Traxler. Ila hiyo usiijaribu kabla hujaipitia sana, mimi imeniunguza mara nyingi kuliko ilivyonisaidia.

KeteNyeusi:
Mrejesho wakuu. Leo nimeweka Bc5. Jamaa hata hakutazama, mkono wenyewe ukaenda g5. Nikamla kwa malkia. Anaomba arudishe, eti hakuona. Nimemwambia kipande kikishaachwa kimeachwa. Dada MamaSataranji, soda yako ipo.