MJADALA: Bastola ya raia na shabaha ya mita 50 hadi 100, ni mazoezi au kutafuta sifa tu?

Mleta mada (Nairobi)

Wakuu salama? Naleta hii hoja hapa kwa sababu kule renji, uwanja wa kupigia shabaha, watu wanakaribia kushikana mashati. Kuna wenye leseni hapa Kenya wamechoka kupiga kadibodi ya mita 7, sasa wanarudi nyuma 25, 50, wengine wanatundika sahani ya chuma mita 100 na kuipiga na bastola ile ile ya 9 mm wanayotembea nayo kiunoni. Kundi la pili linasema hayo ni maringo, raia amepewa bastola ajilinde na mwizi wa getini, huko mita 100 anamtafuta nani? Na kuna wengine wanataka renji zikatazwe kabisa kuruhusu hayo mambo. Mi naenda mbali zaidi, nasema mtihani wa mita 25 ungekuwa lazima kila mtu akienda kurinyu leseni, halafu 50 iwe ya hiari lakini ihimizwe. Nitasema sababu kisha mnirarue.

Chukua bastola ya Glock 17. Kutoka alama ya nyuma ya kulengea mpaka ile ya mbele ni kama sentimita 16 na nusu hivi. Ukikosea kuzipanga kwa milimita 1, mita 7 risasi inaenda kando sentimita 4 na kitu, bado iko ndani ya kifua cha kadibodi, unapiga picha unaweka status na watu wanakuitia moto. Kosa hilo hilo mita 50 linakuwa sentimita 30, hapo umemkosa mtu mzima, na kama kuna mama ameshika mtoto nyuma yake shauri yako. Mita 100 ni sentimita 60. Kwa hivyo mtu wa mita 7 anaweza kuishi na kosa lake miaka na miaka na kila mtu anamwita fundi, naye ameamini.

Na mara nyingi shida si macho, ni kidole. Kuna kitu tunafanya, mwenzako anakuchomekea risasi bandia katikati ya magazini bila kukuonyesha iko ya ngapi, unapiga pa, pa, halafu ya tatu inalia "tk" tu, na hapo kila mtu anaona mtutu wako ukiinama chini kama unasalimia wakwe. Ule mwinamo ulikuwepo hata kwa zile mbili za kwanza, ni vile mshindo uliuficha. Jamaa mmoja alikataa katakata kwamba anainama, tukamchukua video, aliangalia akanyamaza akaenda kununua soda.

Mdau wa Tanga

Mkuu hesabu zako sina shida nazo, shida yangu ni ya sheria na akili ya kawaida. Mtu aliye mita 50 kutoka kwako na hana bunduki, amekutishia nini? Utamwambia hakimu nini, kwamba ulimwona kwa mbali ukaogopa? Kujihami kwa raia ni hatua mbili tatu, mlangoni, kwenye gari, usiku, mikono inatetemeka. Afadhali mtu afanye mazoezi ya kutoa bastola haraka, kusogea, kujificha nyuma ya kitu, na zaidi ya yote KUONDOKA. Ukimzoesha raia kupiga mita 100 unamzoesha kujiona komando. Siku ya siku anaona vurugu ng'ambo ya barabara anataka kuwa shujaa.

Mdau wa Eastleigh

Kwa heshima mkuu wa Tanga, Westgate umesahau? Magaidi walivamia ile mall ya Nairobi Septemba 21, 2013. Abdul Haji, huyu ambaye leo ni seneta wa Garissa, aliingia mle ndani na bastola yake ndugu yake akiwa amekwama ndani, na yeye pamoja na raia wengine wenye leseni na polisi wachache wa nguo za kiraia wakatoa watu kabla vikosi vikubwa havijafika. Wale magaidi walikuwa na bunduki za AK. Zile korido na ile sehemu ya wazi ya katikati pale mall si mita 7 boss. Watu 67 waliuawa, bila hao wachache ingekuwa mbaya zaidi. Sasa niambie ukiwa pale na unajua kupiga mita 7 peke yake unafanya nini, unaomba gaidi asogee karibu?

Mdau wa Tanga

Sijasahau, na Haji namvulia kofia. Lakini soma hadithi yote. Pale pale Westgate vikosi vya serikali vyenyewe vilipigana risasi kwa kutojuana na afisa wa Recce, kikosi maalum cha polisi, akafa. Hao ni watu waliofunzwa mbali na karibu! Tatizo la mbali si kulenga tu, ni kujua UNAMLENGA NANI. Kwenye renji sahani ya chuma imepakwa rangi nyeupe na haina mtoto nyuma. Mall imejaa watu wenye jinzi na bastola mkononi, nani gaidi nani askari kanzu nani wewe?

Mleta mada

Hapo umenigusa, na hio ndio hoja nzito kuliko zote mpaka sasa. Lakini ona inaelekea wapi. Mtu ambaye hajawahi kupiga zaidi ya mita 7 ndiye atakayefyatua mita 40 kwa kujiamini, kwani nani alimwambia hawezi? Ambaye ameshatoa magazini nzima mita 50 akaona matundu mawili tu kwenye karatasi, huyo siku ya vurugu atalala chini au atasogea karibu zaidi kwanza. Mazoezi ya mbali kwa wengi wetu hayaleti ukomando, yanaleta aibu, na aibu kwa mtu mwenye bastola ni kitu kizuri sana.

Na msidhani ni jambo la kigeni. Bastola ya mita 50 ilikuwa mchezo wa Olimpiki mpaka Rio 2016, mkono mmoja, risasi ndogo ya .22, ile duara ya pointi 10 ina upana wa sentimita 5 tu. Jin Jong-oh wa Korea Kusini alichukua dhahabu mara tatu mfululizo, 2008, 2012 na 2016. Marekani nako kuna mchezo wa kuangusha sanamu za chuma kwa bastola, kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga 150, halafu kondoo dume mita 200. Hakuna anayesema hao wanajiandaa kuvamia mtu. Sisi hapa mechi nyingi tunazocheza ni za IDPA, yaani mashindano ya bastola ya kujihami, ambazo shabaha karibu zote ziko jirani, ndio maana watu wanashtuka wakiona mtu amerudi nyuma.

Mdau wa Kigoma

yule Mturuki wa Paris 2024 mkono mfukoni bila miwani ya mambo mengi, si alipiga kama anasubiri daladala?? mazoezi gani tena jamani

Mleta mada

Haha Yusuf Dikeç. Kaka ile ilikuwa mita 10 na bastola ya upepo, akapata medali ya fedha na mwenzake Tarhan. Na amefanya hio kazi miaka mingi sana, usidanganyike na mkono mfukoni.

Mdau wa Leicester

Ndugu zangu, mimi niko huku Uingereza na nataka kuwarudisha kwenye kitu mnachokikwepa. Machi 13, 1996, Dunblane, Scotland. Watoto 16 na mwalimu wao. Aliyewaua alikuwa na bastola za leseni na alikuwa mtu wa klabu za shabaha, yaani mtu wa mazoezi haswa. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa, bastola zikatolewa mikononi mwa raia huku Bara la Uingereza. Wachezaji wa kweli waliumia, kwa miaka mingi wa timu ya taifa walilazimika kwenda nje kufanya mazoezi, na michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester 2002 ilibidi vitolewe vibali maalum ndio bastola zipigwe. Nawasikitikia. Lakini hoja ya mleta mada kwamba mazoezi yanamfanya mtu awe salama, mbele ya wazazi wa Dunblane unaisemaje?

Mleta mada

Siisemi. Mazoezi hayatibu moyo wa mtu, sikudai hivyo. Yule ni suala la nani anapewa leseni, na ndio maana hapa Desemba 2018 Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, aliamuru kila raia mwenye silaha arudi kuhakikiwa upya, watu wakalia wee lakini mi niliona sawa. Kuchuja mtu ni mlango wa kwanza. Mimi nazungumzia waliokwisha kuingia ndani. Kama nchi imeamua raia fulani atatembea na bastola Kenyatta Avenue saa sita mchana, mimi ninayepita hapo na watoto ningependa awe anajua risasi yake inaenda wapi. Ukitaka kufunga mlango wote kama Uingereza, huo ni mjadala mwingine na unaheshimika, ulete tutachangia.

Mstaafu wa Arusha

Vijana wangu mnabishana vizuri lakini mmeruka kitu ambacho kingenifanya mimi nimfukuze mtu renji. TUTA, lile lundo la udongo nyuma ya shabaha linalozuia risasi. Nimefundisha askari kulenga miaka mingi, nisikilizeni. Risasi ya 9 mm haifi mita 100, ikipita juu inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Mtutu ukiinuka nyuzi 1 tu, mita 100 risasi imepanda mita 1 na sentimita 75. Sasa huyo mwanafunzi wenu bastola yake imerekebishwa kwa mita 25, mita 100 risasi inashuka kama sentimita 30, kwa hiyo analenga JUU ya sahani kwa makusudi, halafu anabana kifyatulio kwa pupa, anapandisha kiganja. Imeenda. Iko mahindini kwa mtu. Renji nyingi za raia matuta yake yalijengwa kwa mtu aliyesimama karibu, na wengine hata renji hawaendi, wanaenda shamba la shemeji wanatundika sufuria kwenye mti.

Mimi sipingi mbali. Ila apande ngazi, 10, 15, 25, na asisogee nyuma mpaka risasi zake zote zikae kwenye karatasi ya ukubwa wa sahani ya chakula. Zaidi ya 25, tuta liwe la kimo cha nyumba na msimamizi asimame begani kwake.

Mleta mada

Mzee heshima yako. Hilo la shamba la shemeji nimeliona kwa macho, na sitetei hata kidogo. Tuta kwanza, umbali baadaye, naongeza hio kwenye hoja yangu.

Mdau wa Tanga

Shikamoo mzee. Hapo kwenye tuta tuko pamoja wote. Kwenye kulazimisha mtihani wa mita 25 bado sijashawishika, na izo risasi za mtihani nani ananunua, serikali?

Mleta mada

Mwenye bastola anunue. Aliyeimudu bastola atashindwaje na boksi moja la risasi?

Mdau wa Tanga

Ehe, sasa ndo leseni inakuwa ya matajiri peke yao. Ngoja nikale nirudi, hii haijaisha.