Tupeane uzoefu: bosi anayejua kazi yako inaishia wapi

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu. Juzi saa tatu usiku nampooza mwanangu homa kwa kitambaa cha maji, ukaingia ujumbe wa sauti wa meneja: "Ile ripoti ya Ijumaa, ipitie sasa hivi." Ilikuwa Jumanne. Nikamwachia mama yake kitambaa, nikafungua kompyuta. Asubuhi meneja hakuiulizia kabisa. Imeniuma. Naomba tuelezane: kiongozi gani aliwahi kukuheshimu, na alifanya nini hasa? Na mnaoongoza watu, mnajizuiaje?

Mhasibu, Mwanza
Pole sana, mkuu. Mimi nilipigiwa simu nikiwa kwenye arobaini ya baba, eti nywila ya mfumo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa siku 28 za likizo ya mwaka, na mwajiri hawezi kukufanyisha kazi ndani ya siku hizo bila ridhaa yako. Bosi niliyenaye sasa hukaa nami kwenye makabidhiano kabla sijaondoka, kisha ananitoa kwenye kundi la WhatsApp mpaka nirudi. Mara ya kwanza nilishtuka, nikadhani nimeachishwa kazi. Sasa namwombea dua.

Nesi
Kwangu ni kunyonyesha. Sheria hiyohiyo inampa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kituo cha kwanza nilikuwa nauomba kila siku, na kitu ukikiomba kila siku kinageuka hisani. Nilipohamia kwingine, matroni aliuandika kwenye ratiba ya zamu, jina langu na saa zake. Sikuomba tena.

Meneja
Nami niseme, japo ni aibu. Naongoza watu 11. Nilikuwa natuma ujumbe usiku nikijipa moyo kwamba si lazima wajibu. Kijana mmoja akaniambia, "Bosi, nikiona jina lako tu naacha kula." Tangu hapo nikiandika usiku naupanga utoke saa mbili asubuhi. Tumekubaliana: dharura napiga simu, ujumbe unasubiri.

Kubwa zaidi ni ruhusa. Dada mmoja aliniomba nusu siku. Nikamuuliza sababu mbele ya wenzake. Akasema mambo binafsi. Nikambana, binafsi gani hayo? Akajibu kwa sauti ya chini kwamba mimba imeharibika. Alikuwa ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila picha ile haijanitoka. Siku hizi nauliza mawili tu: unahitaji muda gani, na nani akushikie kazi.

Mwanzisha uzi
Asante kwa ukweli wako, mkuu. Hilo la kuuliza sababu mbele za watu, wengi tumepitia.

Dada wa kazi, Dar
Shikamooni. Sisi tunaolala kwa bosi, kazi inaishia wapi? Nyumba ya kwanza nilikuwa naamshwa saa saba usiku kupasha chakula cha wageni. Mama niliyenaye sasa, nikishaosha vyombo vya usiku hanitumi tena, Jumapili ni yangu, na chumba changu kina komeo kwa ndani. Akinihitaji anabisha hodi, anasubiri nimwambie karibu. Ndani ya nyumba yake mwenyewe.