Naombeni ushauri: samaki bunju wananimalizia ndoana hapa jeti ya Malindi

Salaam wadau, wazee wa mshipi mnisaidie jamani. Mimi navua na mshipi wa mkono pale jeti Malindi, jioni nikitoka kazini mpaka saa tatu hivi usiku, natafuta changu na kolekole, nikibahatika tewa. Sasa wiki ya pili hii kila nikitupa naguswaguswa kidogo alafu nikivuta napata mshipi umekatwa safi kama kwa wembe, ndoana hamna, chubwi (kile kizito cha kuzamishia mshipi) hamna. Juzi nikapandisha mmoja, kumbe bunju, kajifura kama mpira (nikamrudisha baharini, sumu ile sichezi nayo). Nimebadilisha chambo kutoka kamba nikaweka ngisi, nimeongeza unene wa mshipi, wapi, ndoana sita jana pekee na si bei rahisi siku hizi.

Nauliza mawili tu. Nikifunga kipande cha waya juu ya ndoana, changu hataogopa kweli? Na hawa bunju hupungua bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) au maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), ama nihame tu upande wa mawe nisiwaone tena?