Fairlady Z (Z33): SLIP na VDC OFF zinawaka baada ya alaimenti. Je, ninunue sensa ya usukani?

Zeti_Ntinda

Habari zenu mafundi na wenye magari. Naomba msaada kabla sijatoa pesa.

Gari ni Nissan Fairlady Z ya 2005, Z33, injini VQ35DE, gia za mkono, lilitoka Japani. Lilibadilishwa tairodi endi ya kushoto (kiungo cha nje cha fimbo inayogeuza gurudumu), kisha likapigwa alaimenti (kunyooshwa magurudumu kwa mashine). Tangu siku hiyo taa za SLIP na VDC OFF, za mfumo wa VDC unaozuia gari kuteleza, zinawaka pamoja baada ya mwendo wa dakika chache. Ukizima gari na kuliwasha tena zinapotea, halafu zinarudi. Usukani nao umelalia kulia kidogo hata gari likienda moja kwa moja.

Linalonitia hofu zaidi: kwenye kona ndefu ya kuingia Northern Bypass hapa Kampala, kabla taa hazijawaka, gurudumu moja linashikwa breki bila mimi kugusa pedali na injini inakosa nguvu kwa muda mfupi. Taa ya eabegi haiwaki na honi inalia.

Kisomaji changu cha Bluetooth hakionyeshi msimbo wowote wa hitilafu. Fundi mmoja anasema sensa ya usukani (inayopima usukani umezungushwa kiasi gani) imekufa na kuna ya mtumba kwenye soko la spea la Kisekka. Mwingine anataka kufungua usukani na kuurudisha jino moja kushoto ili unyooke. Nimfuate yupi?

---

Fundi_Ndeeba

Usimfuate hata mmoja kwanza, ndugu.

Kisomaji chako kinasoma injini tu, ile misimbo inayoanza na P. Tatizo lako liko kwenye kompyuta ya VDC na ABS (breki zisizofunga magurudumu), na misimbo yake mingi huanza na C. Tafuta skana inayoingia humo na yenye kazi maalumu za Nissan: CONSULT yenyewe (skana ya Nissan), au Launch au Autel iliyo na programu ya Nissan. Ukifika kwa mwenye skana muulize swali moja tu: inaweza kufungua ABS, WORK SUPPORT, ST ANGLE SENSOR ADJUSTMENT (menyu ya kuweka sufuri ya sensa ya usukani)? Kama haiwezi, nenda kwingine, maana kufuta msimbo peke yake hakutakusaidia.

Kwenye Z33 misimbo inayokuhusu ni hii:

C1143: sufuri ya sensa ya usukani (pale inapopaswa kusoma 0 gari likienda sawa) imehama, au sensa yenyewe ni mbovu.
C1144: sufuri haijawekwa kabisa. Huja mtu akibadilisha kompyuta ya ABS au sensa bila kuifundisha.
U1000: mawasiliano ya CAN (waya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia) yamekatika mahali.
C1145: sensa ya mzunguko wa mwili wa gari, ile iliyo chini ya konso ya kati. Hiyo si ya usukani.
C1109: umeme wa betri si sawa.
C1155: mafuta ya breki yamepungua.

Nadhani utapata C1143, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa, kwa sababu msimbo huo una maana mbili na muuza spea atakusomea ile moja inayomfaa. Kinachozitenganisha ni namba hai. Kwenye skana fungua DATA MONITOR, tafuta STR ANGLE SIG (pembe ya usukani). Zungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Namba ipande au ishuke mfululizo, bila kuruka, bila kuganda. Ukizungusha robo kutoka katikati upande mmoja isome karibu 90, na upande wa pili karibu 90 yenye alama iliyo kinyume. Ikifanya hivyo, sensa yako ni nzima na ya Kisekka haina kazi kwako.

Kuhusu gari kujishika breki: VDC inalinganisha pembe ya usukani na jinsi mwili wa gari unavyozunguka kweli. Ikiwa gari linakwenda sawa huku sensa inasema usukani umepinda, kompyuta inaamini gari limeteleza na inabana gurudumu moja kulirudisha. Kwenye kona tofauti hiyo inaweza kuonekana zaidi, ndiyo maana unalihisi pale. Mpaka litengenezwe bonyeza swichi ya VDC OFF kila unapowasha gari. Usitoe fyuzi ya ABS kama wengine wanavyofanya. Ukiitoa unapoteza ABS pamoja na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, na barabara ikiwa na matope magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza.

---

Boda_Mpaka_V6

Kuna njia isiyohitaji skana. Unaunganisha matundu ya TS na CG kwa kipande cha waya kwenye soketi ya OBD (ya kuchomekea skana), unasubiri taa ipepese, sufuri inajiweka. Nimeona inafanywa Wandegeya.

---

Waya_na_Volti

Hiyo ni ya Toyota, kaka, na hata huko ni ya sensa za mzunguko na mwegamo wa gari. Kwenye Nissan hii usichomeke waya kwenye soketi ya OBD kwa kubahatisha. Tundu la 6 na la 14 ni CAN, na tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukikosea tundu moja unaweza kuunguza kompyuta ambayo ni ghali kuliko sensa hiyo.

Zeti, ukikuta U1000 au namba inayoganda, pima hivi kabla ya kulaumu sensa. Betri kwanza: gari likiwa limelala, volti 12.4 au zaidi; injini ikiwaka, 13.5 hadi 14.5. Kisha ondoa waya wa hasi wa betri, upime ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14. Ukipata karibu omu 60, laini ya CAN ni nzima. Omu 120 maana yake upande mmoja umekatika. Karibu sifuri, waya mbili zinagusana.

Soketi ya sensa ina waya nne: umeme wa swichi, ethi (waya wa hasi), na mbili za CAN. Umeme wa swichi usome sawa na betri funguo ikiwa ON. Ethi ipime kwa kuangalia volti inayopotea, si kwa omu peke yake: mita kati ya ethi ya soketi na hasi ya betri, swichi ON, isizidi volti 0.1. Magari yetu yameongezwa redio, alamu na trakka, na aliyeunga alamu mara nyingi alichubua waya palepale chini ya usukani. Fungua kifuniko cha chini, utafute tepu nyeusi isiyo ya kiwandani. Kitu cha kwanza kuangalia ni hicho.

---

Zeti_Ntinda

Asanteni sana. Majibu haya hapa:

Msimbo ni C1143 peke yake. STR ANGLE SIG inapanda na kushuka vizuri bila kuruka. Usukani ukiwekwa sawa kwa macho inasoma 0. Gari likitembea moja kwa moja inasoma digrii 12. Betri 12.6, omu 60. Hakuna waya uliochubuliwa.

Kwa hiyo tuiweke sufuri pale pale penye 12, mambo yaishe?

---

Fundi_Ndeeba

Hapana! Sensa yako inasema kweli. Kilichopinda ni gari. Ukiweka sufuri pale, taa zitazima lakini utabaki na usukani uliolala na raki (fimbo ya meno inayosukuma tairodi) ambayo haiko katikati gari likienda sawa.

Hesabu mizunguko. Anzia usukani ukiwa sawa kwa macho, zungusha hadi mwisho wa kushoto, rudi, halafu hadi mwisho wa kulia. Mizunguko ikilingana, usukani umekaa mahali pake kwenye raki na kosa liko kwenye tairodi. Isipolingana, kuna mtu aliwahi kuuchomoa. Kisha pima kwa rula uzi wa tairodi unaoonekana nje ya nati, kushoto na kulia.

---

Zeti_Ntinda

Mizunguko inalingana. Uzi: kushoto milimita 19, kulia milimita 22.

---

Fundi_Ndeeba

Basi ndivyo. Aliyepiga alaimenti alirekebisha upande mmoja tu hadi mashine ikaonyesha kijani. Jumla ya pembe za magurudumu iko sawa, lakini yote mawili yanaangalia upande mmoja, nawe unayarudisha kwa kulaza usukani.

Rudi kwenye mashine na usimamie kazi. Upepo wa matairi kwanza, kulingana na kibandiko cha mlangoni. Injini ikiwaka, zungusha usukani kushoto na kulia mara kadhaa, uuache sawa kabisa, kisha ufungwe kwa kishikio kinachoegemea kiti. Legeza nati za tairodi zote mbili pamoja na klipu za mipira ya raki. Klipu zisipolegezwa mpira hujisokota na kuchanika, vumbi likaingia kwenye raki. Sasa refusha upande mmoja na kufupisha wa pili kwa kiasi kile kile. Kwako ni kama milimita 1.5 kila upande. Kama uzi ni wa milimita 1.5, huo ni mzunguko mmoja mmoja. Lakini tairodi endi isiyo ya Nissan inaweza kuwa na kina tofauti, kwa hiyo uzi ni mwongozo na mashine ndiyo iamue.

Baada ya hapo sufuri:

1. Gari kwenye sakafu tambarare, magurudumu sawa. Kampala ni milima, na vituo vingi vya mafuta vina mteremko, kwa hiyo ifanyie pale pale kwenye mashine.
2. ST ANGLE SENSOR ADJUSTMENT, bonyeza START. Usiguse usukani.
3. Subiri kama sekunde 10, bonyeza END.
4. Zima swichi, washa tena. Hatua hii ikirukwa kazi yote ni bure.
5. Endesha moja kwa moja, simama, soma STR ANGLE SIG. Isizidi digrii 3.5 upande wowote.
6. Futa misimbo ya ABS na ya injini.

Jaribu kwenye kipande kilichonyooka cha barabara kuu, kisha kwenye ile kona ya Bypass.

---

Waya_na_Volti

Naongeza kuhusu yule aliyetaka kuurudisha usukani jino moja. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya unaojikunja, unaobeba umeme wa eabegi na honi. Una urefu wa kutosha pande zote mbili ukiwa katikati tu. Ukihamishwa mbali na katikati, siku utakapokata kona hadi mwisho unaweza kukatika, na kuanzia hapo taa ya eabegi haitazima.

Ikitokea sababu ya kweli ya kufungua, kama sensa kufa baadaye: magurudumu sawa, ondoa hasi ya betri, subiri angalau dakika 3, ndipo utoe eabegi na kuiweka uso ukiangalia juu. Weka alama kwenye mhimili na usukani. Utepe ukizunguka bila kukusudia, uzungushe taratibu hadi mwisho mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, urudi nusu yake. Nati ya usukani ikazwe karibu Nm 35, si kwa nguvu zote za mkono.

Na ukinunua sensa ya mtumba, linganisha namba ya spea. Ya Nissan huanza na 47945, na herufi zinazofuata lazima zifanane na za kwako. Iwe imetolewa na soketi yake, si waya uliokatwa kwa kisu. Kubaliana na muuzaji kuirudisha ikishindwa kile kipimo cha kuzungusha kutoka mwisho hadi mwisho.